Saratani ya kizazi ikirudi, aulizwe mwenye mwili

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, yapo maradhi tunayoyataja kwa sauti. Mtu akiugua malaria, mtaa mzima hujua kabla jua halijazama. Na yapo maradhi tunayoyanong'ona. Saratani ya mlango wa kizazi ni mojawapo. Mahali ilipo panatutia haya, na jina lake linatutia hofu. Kisha iko hali moja ambayo hata kuinong'ona hatuinong'oni: mama ametibiwa, amerudi nyumbani, amemshukuru Mungu, ameanza tena shughuli zake, halafu ugonjwa umerudi.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya hali hiyo. Matangazo mengi tunayoyasikia yanahusu kukinga na kupima mapema, na hilo ni jambo jema. Lakini yule ambaye saratani imemrudia aghalabu hana wa kumweleza lolote. Anabaki na ndugu waliokaa kikao sebuleni, kila mmoja na shauri lake, naye yuko chumba cha pili akisubiri kuambiwa walichoamua juu ya mwili wake.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulikadiria kwamba katika mwaka 2022 peke yake wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania walipata saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wetu. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kwenda mbali, na kadiri ulivyokwenda mbali mwanzoni ndivyo uwezekano wa kurudi unavyokuwa mkubwa.

Sasa chukua ramani uitazame Tunduma. Ni mji wa mpakani, malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde upande wa Zambia, reli ya TAZARA inapita, biashara haijui usiku. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa, na hapo ndipo ilipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu yake iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka Tunduma. Lakini mgonjwa akihitaji mionzi, kwa miaka mingi safari imekuwa ni ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road. Majengo ya kale pale yalijengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890. Taasisi yenyewe ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kwa muda mrefu ndipo mahali pekee nchini palipotolewa mionzi, mpaka Bugando, Mwanza, nayo ilipoanza.

Kwa hiyo tuseme yuko mama mmoja anayeuza mchele na maharage Tunduma. Huyu si mtu fulani ninayemjua. Ni mfano tu, lakini ni mfano ambao wengi mtautambua. Ana miaka 48. Miaka miwili iliyopita alikaa Dar es Salaam kwa mtoto wa dada yake, akapata mionzi ya nje siku tano kila juma kwa majuma matano, pamoja na dripu, kisha mionzi ya ndani. Akapona, au ndivyo alivyoambiwa nyumbani. Sasa ameanza kutokwa damu tena. Mguu mmoja umevimba. Mgongo unamuuma usiku. Shemeji anasema kiwanja kiuzwe arudi Dar. Dada anasema apelekwe kwa mtaalamu wa mitishamba. Mchungaji anasema aombewe. Mume amenyamaza. Ni lipi la kufanya?

La kwanza, ndugu msikilizaji, ni kuhakikisha kwamba kweli ugonjwa umerudi. Hili linasahaulika mno. Si kila damu baada ya mionzi ni saratani. Mionzi inapita pia kwenye kibofu na kwenye utumbo wa haja kubwa, na miezi au hata miaka baadaye sehemu hizo zinaweza kuchubuka na kutoa damu. Ukeni nako panaweza kukakamaa na kuvuja kidogo, hasa baada ya tendo la ndoa. Hali hizo zina matibabu yake, na si matibabu ya saratani. Kikohozi kinachoendelea kinaweza kuwa saratani iliyofika mapafuni, na kinaweza kuwa kifua kikuu ambacho kinapona kabisa.

Kwa hiyo hapana budi daktari ampime kwa mkono, akate kinyama kidogo kipelekwe maabara, na pawepo picha: altrasaundi, eksirei ya kifua, au kipimo cha CT pale kinapopatikana. Tena damu ipimwe kuona kama figo zinafanya kazi. Nitaeleza sababu. Mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo inapita ubavuni mwa mlango wa kizazi. Uvimbe ukirudi pale, huibana taratibu kama mtu akanyagavyo mpira wa maji. Mgonjwa haoni chochote mpaka siku mkojo unapopungua, kichefuchefu kinapoanza na akili inapozubaa. Ndiyo maana nawasihi wenye kununua vidonge vya maumivu dukani, upande huu wa mpaka na upande ule: diklofenaki na ibuprofeni kwa mgonjwa ambaye mirija yake imebanwa zinaweza kumalizia figo zilizobaki. Muulize daktari kwanza.

Dalili za kumrudisha mama hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki ni hizi: damu au uchafu wenye harufu ukeni, maumivu ya nyonga au mgongo yasiyokwisha, mguu mmoja kuvimba, mkojo kupungua, mkojo au choo kupita ukeni, kukonda bila sababu, na kikohozi kisichokoma. Saratani nyingi za aina hii zinazorudi hurudi katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ndiyo sababu kliniki za kufuatilia huwekwa karibu karibu mwanzoni, kwa kawaida kila miezi mitatu kwa miaka miwili. Najua nauli. Najua kufunga duka siku tatu ni hasara. Lakini kliniki hiyo ndiyo inayoweza kukuta uvimbe ungali mdogo na mahali pamoja.

Tuseme basi vipimo vimetoka na ni kweli, umerudi. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Safari ya kwanza swali lilikuwa: hospitali ipi, na lini? Safari hii swali ni jingine kabisa: matibabu haya lengo lake ni nini? Yapo matibabu yanayolenga kuponya. Yapo yanayolenga kurefusha maisha bila kuponya. Na yapo yanayolenga kumwondolea mgonjwa maumivu na aibu ili aishi vizuri muda alio nao. Yote matatu ni matibabu ya haki. Kosa ni kuuza kiwanja ukidhani unanunua la kwanza, kumbe unauziwa la pili, tena hakuna aliyekueleza.

Kuponya kunawezekana kwa wachache, na ni muhimu kuwajua. Kama safari ya kwanza mama alifanyiwa upasuaji tu bila mionzi, na saratani imerudi nyongani peke yake, mionzi pamoja na dripu bado inaweza kuwaponya baadhi yao. Huyu asikawie hata juma moja. Apande basi.

Lakini kama mama alikwisha kupata mionzi kamili, kama yule wa mfano wetu, mlango huo kwa kawaida umefungwa. Mwili hausahau mionzi. Kibofu na utumbo vina kiwango chao cha kustahimili, na ukikirudia unaweza kutoboa matundu ambayo yatamtesa kuliko uvimbe wenyewe. Ndiyo maana daktari akisema mionzi haiwezi kurudiwa mahali pale pale, hamnyimi mgonjwa haki yake, wala hadai chochote. Anasema kweli. Mionzi michache, mara moja au mara chache, inaweza kutumika kuzuia damu au kutuliza maumivu ya mfupa, lakini hiyo ni ya kutuliza.

Upo pia upasuaji mkubwa, ambao daktari Alexander Brunschwig wa New York aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Huondolewa kizazi, uke, kibofu na mwisho wa utumbo mpana, na mgonjwa hutoa mkojo na choo kwa vifuko vilivyowekwa tumboni. Ni kwa yule tu ambaye uvimbe uko katikati ya nyonga, haujagusa mifupa ya pembeni wala kusambaa. Kati ya wanaochaguliwa kwa uangalifu wapo wanaoishi miaka mingi. Lakini ni upasuaji mzito, unaohitaji timu ya mabingwa, damu ya kutosha na chumba cha wagonjwa mahututi, na baada yake maisha hubadilika moja kwa moja. Ukitajiwa huo, uliza: ni wangapi mmewafanyia hapa, na wako vipi leo?

Kwa wengi waliobaki, kinachotajwa ni dawa za kemikali, zile tunazoziita dripu za kansa. Mara nyingi ni sisiplatini au kaboplatini pamoja na paklitakseli, mara moja kila majuma matatu, kwa raundi kama sita. Hapa naomba tusikilizane kwa makini. Dawa hizi zinaweza kupunguza uvimbe, zikatuliza maumivu na zikaongeza muda. Kuponya kabisa saratani iliyorudi baada ya mionzi ni jambo la nadra sana. Tena uvimbe ulio ndani ya sehemu iliyokwisha kupigwa mionzi husikia dawa kidogo kuliko ule ulio mapafuni, kwa sababu mishipa ya damu pale imeharibika na dawa haifiki vizuri.

Nitatoa takwimu moja ili tujue tunazungumzia muda gani. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Hispania kwa wagonjwa 452, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba nusu ya waliopewa dawa za kemikali peke yake waliishi zaidi ya miezi 13 hivi, na nusu waliishi chini ya hapo. Walioongezewa dawa mpya ya gharama kubwa iitwayo bevacizumab, nusu yao walivuka miezi 17. Nyongeza ni chini ya miezi minne. Hao walikuwa wagonjwa wenye nguvu za kutembea na figo zinazofanya kazi, katika hospitali zenye kila kitu. Zimekuja na dawa nyingine tangu hapo zinazoamsha kinga ya mwili, na zimeongeza tena muda kwa baadhi yao, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa muuza mchele.

Je, miezi minne ni kidogo? Mimi siwezi kujibu, na shemeji wa yule mama hawezi kujibu. Kwa mama ambaye binti yake wa mwisho anafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, miezi minne ni dunia nzima. Kwa mwingine ambaye miezi hiyo ataitumia kwenye basi la Dar es Salaam, akitapika, vidole vimekufa ganzi kwa dawa, mbali na wajukuu zake, huenda si kitu. Wote wawili wana akili timamu. Jibu la mmoja haliwezi kuwa jibu la mwingine. Ndiyo sababu nasema aulizwe mwenye mwili.

Na ataulizwaje iwapo hajaambiwa? Hapa, ndugu zangu, ndipo tunapokosea kwa nia njema. Daktari anaitwa pembeni na kaka wa mgonjwa: "Usimwambie, atavunjika moyo." Mgonjwa anaambiwa ni vidonda, au ni uchafu uliobaki. Jambo hili halikuanzia kwetu. Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, aliugua saratani hii hii. Mwaka 1951 daktari bingwa kutoka Marekani, George Pack, aliletwa kumpasua kwa siri, mgonjwa mwenyewe asijue aliyempasua ni nani. Ugonjwa ulirudi baada ya miezi michache, naye akafariki Julai 1952 akiwa na miaka 33. Taifa zima lilikuwa likimwombea, lakini wanahistoria wanaeleza kwamba yeye mwenyewe hakuambiwa ugonjwa wake ulikuwa nini. Mwanamke mwenye madaraka kiasi kile alinyimwa habari za mwili wake mwenyewe. Itakuwaje kwa mama wa Tunduma?

Ukweli ni kwamba mgonjwa hujua. Anaona damu, anasikia harufu, anaona jinsi mnavyonyamaza anapoingia. Mnachomficha si ugonjwa. Mnamficha nafasi ya kupanga. Hawezi kusema duka aachiwe nani, deni la gunia kumi za maharage lilipwe vipi, mtoto asome wapi, yeye azikwe Tunduma au arudishwe kwao Ileje. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mithali hiyo tumeizoea kuwaelekezea wagonjwa. Mimi naielekeza leo kwa ndugu wa mgonjwa.

Simaanishi mama apigwe na habari kama jiwe. Iko njia. Mtu anayemwamini amuulize kwanza: "Mama, majibu yametoka. Ungependa uelezwe mwenyewe, au ungependa nisikilize mimi kwa niaba yako?" Wapo watakaosema, sikiliza wewe mwanangu. Huo nao ni uamuzi wake, na uheshimiwe. Lakini ulizeni kwanza.

Sasa twende kwenye kiwanja. Kabla hakijauzwa, familia ifike ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iulize mgonjwa anastahili msamaha gani, na kama ana bima ijulikane inalipa nini na nini hailipi. Muulize daktari kama sehemu ya dawa inaweza kutolewa Mbeya badala ya Dar es Salaam. Pigeni hesabu yote: si dawa tu, ni nauli ya watu wawili, chumba, chakula, na duka lililofungwa. Kisha hesabu hiyo aonyeshwe mama. Wako akina mama ambao wakiiona watasema, kiwanja hicho ni cha watoto, msikiguse. Na wako watakaosema, nilikinunua kwa jasho langu, kiuzwe, nataka kujaribu. Kila mmoja ana haki.

Kuhusu mitishamba na maombi, sitawacheka watu. Mwaka 2011 tuliona maelfu kwa maelfu wakipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wengine walitolewa vitandani hospitalini, na magazeti ya wakati ule yalieleza habari za wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wametafuta mtu wa kuwapa tumaini na kuwatazama machoni, na hospitali ilikuwa imewaambia tu "nenda nyumbani." Kwa hiyo neno langu ni hili: ombeni, kwa maana maombi hayagombani na dawa. Lakini asiwepo wa kumwambia mgonjwa aache dawa, hasa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kama anazitumia. Mwanamke mwenye virusi hivyo ana hatari ya kupata saratani hii takribani mara sita kuliko asiye navyo, na dawa zake ndizo zinazompa nguvu ya kuhimili matibabu mengine yote. Na mitishamba ya kunywa, daktari aambiwe, kwa sababu ya zile figo.

Tumefika kwenye jambo ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote: mama akisema hataki dripu tena, haina maana kwamba amekataa matibabu. Amechagua matibabu ya aina ya tatu. Wataalamu wetu wanayaita tiba shufaa. Si tiba ya kumngoja mtu afe. Ni kazi ya daktari na muuguzi kuondoa maumivu, kuzuia damu, kufuta harufu, kulinda ngozi, na kukaa na mgonjwa na familia yake katika hofu zao. Tena haingoji mpaka dawa nyingine zishindwe. Inaweza kuanza siku ile ile ya majibu na kwenda sambamba na dripu.

Dawa kuu ya maumivu makali ya saratani ni mofini. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kwamba maumivu yapandishiwe dawa kwa ngazi, kuanzia ile hafifu mpaka mofini ya kunywa. Majirani zetu wa Uganda walituonyesha kwamba hili halihitaji utajiri. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda, mofini ya unga ikachanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa ya bei nafuu, na mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Kwa mama aliye kijijini, kilomita nyingi kutoka kwa daktari, hilo ndilo linaloamua kama atalala usiku au atalia mpaka alfajiri.

Kwetu watu wengi wanaiogopa mofini. Wanasema ni dawa ya kumalizia, au ya kumfanya mtu teja. Si kweli. Mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa kipimo, kwa saa zake, hailewi wala haharakishi kifo. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa na si kwa kungoja maumivu yarudi, maana maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Siku za kwanza mgonjwa anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu, kisha huzoea. Choo ndicho hufunga karibu kwa kila mtu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe tangu siku ya kwanza, pamoja na maji na papai. Na kama figo zimechoka, daktari hupunguza kiasi. Ulizeni Vwawa, ulizeni Mbeya: mofini ipo? Na kama haipo, ulizeni kwa sauti, mara ya pili na ya tatu.

Juu ya harufu, ambayo ndiyo inayowafanya akina mama wajifungie ndani wasitake hata wajukuu wasogee: vidonge vya metronidazoli, kwa maelekezo ya muuguzi, husaidia sana, vikimezwa au vikisagwa na kuwekwa penye kidonda. Damu inayovuja ina dawa yake ya kupunguza. Mkojo ukivuja, ngozi ipakwe mafuta ya mgando kabla haijachubuka. Mambo haya ni madogo kwa bei, lakini humrudisha mama sebuleni akae na watu. Nani atasema hayo si matibabu?

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku ya kwenda kumwona daktari, mama au yule aliyemteua aandike maswali haya kwenye karatasi. Je, mmehakikisha kwa kinyama kwamba ni saratani? Imerudi wapi, na figo zikoje? Matibabu mnayopendekeza yanalenga kuponya, kurefusha maisha, au kutuliza? Kati ya wagonjwa kumi kama mimi, wangapi husaidika, na kwa muda gani? Yatanifanya nijisikie vipi, na nitakaa mbali na nyumbani siku ngapi? Nikianza halafu nikaona siwezi, naweza kuacha? Na nisipoyachukua, mtanitunza vipi? Swali hilo la mwisho lisiachwe. Daktari asiyekuwa na jibu lake hajamaliza kazi.

Uamuzi nao si wa kutiwa muhuri. Mgonjwa anaweza kuanza raundi mbili, akapimwa, na kama uvimbe haukusikia, akaacha. Anaweza kukataa leo na kukubali mwezi ujao. Wanaume, hapa nawaomba: msinyamaze kama yule mume wa mfano wetu. Mwenzako hakuhitaji uwe na jibu. Anakuhitaji ukae pale kwenye benchi la kliniki, ushike faili.

Na kwa mabinti wa mama huyo, ambao sasa wanamwogesha na kumlisha, liko jambo la kufanya wakati bado ni mapema. Saratani hii inasababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu Aprili 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanapewa dozi moja tu. Wale waliopita umri huo wakapimwe mlango wa kizazi kituo cha afya. Chanjo haimtibu mama aliyekwisha kuugua, lakini inaweza kumwepusha mjukuu wake.

Kikao cha ndugu ni kizuri; ndicho kinachotubeba katika shida zote. Siombi kivunjwe. Naomba tu kihamishwe kutoka sebuleni kiende chumba cha pili, kwenye kitanda cha mama, na neno la kwanza apewe yeye.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.